Askari Aliyekataa Nazi za Bi Mwanatabu

Gu. Gu-gu. Gu-gu-gu-gu.

Mlango ulikuwa ungali umefungwa na ghala lile halikuwa na dirisha, lakini sikuhitaji macho. Nimezaliwa chini ya minazi. Mtu akimwaga nazi kutoka kwenye lori juu ya saruji, naweza kukwambia kama zimekauka au zingali na maji mengi, na kama aliyeziangua alikuwa na haraka.

Hizi zilikuwa zimekauka vizuri. Na zilikuwa nyingi.

"Ni mizinga hiyo?" akauliza Bakari. Mguu wake wa kushoto ulikuwa umefungwa mnyororo mmoja na mguu wangu wa kulia.

"Ni nazi."

"Alhamdulillahi. Nilidhani Mjapani keshafika Likoni."

Wewe unayenikuta leo kwa mara ya kwanza, sitakurudisha mbali. Mimi ni Fondo wa Katana, mgema wa Kisauni. Nyuma ya nyumba ya mama yangu zilikutwa nazi za wizi, zimefunikwa makuti. Sikuziweka mimi. Mlinzi wa shamba la Bi Mwanatabu, jina lake Kalama, Mgiriama mwenzangu, alisimama mahakamani, akashika Biblia, akasema aliniona kwa macho yake nikishuka mnazini nazo. Hakimu akasema huu ni mwaka wa vita, nazi ni mafuta, na anayeiba mafuta anamsaidia adui.

Basi nikahukumiwa kuvushwa bahari, nikakae kwenye kisiwa cha wafungwa ambacho jina lake silitaji hapa, kwa kuwa waliokisimamia wangali hai na wanasoma magazeti. Sasa tulikuwa Likoni, katika ghala la zamani la mbata, tukingoja meli.

Kalama naye alipata thawabu yake. Walimvalisha kaptula na kofia, wakampa bunduki, wakamfanya askari jela. Yeye ndiye aliyekuwa akitulinda. Kama unaona ni kichekesho, cheka. Mimi sikucheka.

Nina jambo moja tu la kuongeza. Natunga mashairi, na sikufundishwa na mtu. Vina nilivijifunza juu ya mnazi, nikisikiliza harusi za watu huko chini. Mjini waliniambia Mgiriama hawezi kutunga. Niliwajibu kwa beti kumi, na mpaka leo nangoja jawabu lao.

Mlango ukafunguliwa. Jua likatupiga usoni.

"Tokeni, wezi," akasema Kalama. "Kazi imekuja."

"Wezi wangapi?" nikamuuliza. "Mimi namwona mmoja, amesimama mlangoni."

Akanisukuma mbavuni kwa kitako cha bunduki. Nikatoka nikitabasamu, maana mtu wa namna ile ukimwonyesha maumivu umemlisha.

Kazi yenyewe ilikuwa kufua nazi kwa ajili ya meli na jeshi. Vifuo vilikuwa vimesimikwa ardhini mstari mmoja, vyuma vya ncha. Unaishika nazi kwa mikono miwili, unaipiga juu ya ncha, unaipinda, kumbi linatoka. Wafungwa wa bara walijichoma viganja. Mimi ningeifanya kazi ile nimelala.

Nikaokota nazi ya kwanza, nikaona juu ya kumbi mikato miwili ya panga iliyopishana.

Nikaiweka chini kama imeniunguza.

"Vipi?" akauliza Bakari.

"Hii ni alama ya Bi Mwanatabu. Nazi hizi zimetoka shamba lile lile."

"Basi kula, bwana. Wewe umeshafungwa kwa ajili yake, zilizobaki ni zako."

Bakari alikuwa Mdigo wa hapo hapo Likoni, amefungwa kwa mche wa sabuni aliotoka nao bandarini chini ya kanzu. Yeye hakukataa. Alisema sabuni ilikuwa nzuri.

Wakati ule mkuu wetu alikuwa akipita kwenye mstari. Alikuwa mzungu mrefu, mwekundu kama kamba aliyechemshwa, akiitwa Bwana Kinsela.

"Bwana Mwingereza," nikamwita, "nazi hizi ndizo walizosema niliiba."

Akasimama. "Mimi hapana Mwingereza. Mimi Mwairishi. Wewe nasema tena Mwingereza, mimi napiga wewe."

"Tofauti yake nini, bwana?"

Bakari akavuta mnyororo kunionya. Lakini bwana yule hakupiga. Alikaa juu ya rundo la makumbi, akawasha kiko chake, akatueleza kwa Kiswahili chake cha kuokoteza. Nitakinyoosha kidogo ili usichoke.

Alisema kwao pia walitawaliwa na Mwingereza. Baba wa babu yake alikuwa mkulima wa viazi. Mwaka wa njaa akashikwa na kondoo wa tajiri. Wakamtia mnyororo, wakamtia melini, wakampeleka Australia, na hakurudi. Mkewe alikuwa akienda gatini kila meli ilipoingia, mpaka akazeeka.

"Kondoo alimwiba kweli?" nikauliza.

"Alisema hapana."

"Nawe unamwamini?"

"Ndiyo. Damu yangu."

"Basi na mimi sikuiba."

Akacheka mpaka moshi ukampalia. "Wote nasema hivyo. Kila mutu ndani ya mnyororo nasema hivyo."

"Baba wa babu yako pia alisema hivyo, bwana. Na kulikuwa na mzungu mmoja amekaa kama ulivyokaa wewe, akacheka."

Kicheko kikakatika. Aliinuka, akakung'uta kiko kwenye kisigino cha kiatu.

"Fanya kazi," akasema, akaenda zake.

Jua lilipopanda, mama yangu alifika kwenye waya. Alikuwa ametoka Kisauni alfajiri, akavuka daraja la Nyali, akaukata mji mzima kwa miguu, akapanda feri. Kichwani alikuwa na kibakuli kilichofungwa kwa kitambaa.

Bakari akamwamkia kabla yangu. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Ndiwe uliyefungwa na Fondo?"

"Ndimi. Tumeozwa bila mahari."

Mama hakucheka. Akaniambia, "Wameanza kuangua upande wa mtoni. Kesho au kesho kutwa wanamaliza."

Nilijua maana yake. Ardhi ni ya Bi Mwanatabu, sisi tulikuwa wapangaji tu, nyumba ni yetu, minazi ni yake. Baada ya hukumu alimwambia mama akae mpaka mnazi wa mwisho uanguliwe, kisha nyumba ibomolewe. Hakai na watu wa wizi. Kila nazi niliyokuwa nikiifua pale Likoni ilikuwa inamsogeza mama yangu barabarani.

"Ila amesema neno jingine," mama akaendelea, na sauti yake ikapungua. "Ukikiri, ukituma mtu akamwambie umekosa na unaomba radhi, ataniacha nikae mpaka nife. Yeye si mtu mbaya, Fondo. Anataka kusikia tu."

"Asikie uongo?"

"Asikie neno."

"Mama, wajua sikuiba."

"Najua. Nimekuzaa. Lakini masika yaja, na jina lako halitanijengea paa. Baba yako naye amelala pale. Nikiondoka nani atamfagilia?"

Nasema kweli, nilikaribia. Neno lenyewe lilikuwa limefika kwenye meno. Mimi niliyewajibu watu wa mjini kwa beti kumi, nilikuwa tayari kusema nilikosa, nimalize.

Aliyeniokoa ni Kalama.

Alikuja mbio kumfukuza mama. "Ondoka kwenye waya, wewe. Hapa si sokoni."

Mama hakuondoka. Alifungua kitambaa, na kwa adabu ya kwetu, ya kumpa kwanza mwenye nguvu ili amruhusu mdogo ale, akampelekea Kalama kipande cha mhogo.

"Kula, mwanangu, kisha nimpe huyu wangu."

Mkono wa Kalama ulikuwa umekwisha nyoshwa. Ukasimama hewani.

"Umetiwa nazi?"

"Mhogo usiotiwa nazi nimpelekee nani?"

"Nazi ya wapi?"

"Ya pale pale kwetu. Bi Mwanatabu ameniruhusu zinazoanguka zenyewe."

Kalama akaurudisha mkono wake polepole, kama mtu aliyeona nyoka kwenye bakuli. Akarudi nyuma hatua kadhaa, akaipangusa ile mikono kwenye kaptula ingawa hakugusa kitu.

"Sili," akasema. "Mpe mwanao, uende zako." Akatuachia nafasi yeye mwenyewe.

Bakari aliguna. "Huyu ana nini? Tangu juzi, lori la kwanza liliposhusha nazi za jikoni, hajala chunguni. Askari wenzake wanakomba sufuria, yeye anatafuna mkate mkavu. Nikadhani anaringa."

Mimi na mama tukatazamana.

Hapa kuna msomaji atakayecheka. Kwenye mnazi wa mpakani wa shamba lile Bi Mwanatabu alimwita mganga wa kwetu, Mgiriama, akafunga kirapo, kijifurushi cha kuti na kitambaa chekundu kinachoning'inia shinani. Ni cha kulinda nazi. Kila aliyekulia pale anayajua masharti yake tangu hajaanza kutembea. Kirapo hakimshiki aliyebeba. Kinamshika mwizi akila. Aliyeiba nazi za shamba lile, siku atakapoonja tui lake, hata awe amepewa, hata awe wapi, tumbo litajaa maji mpaka aende akaseme kwa kinywa chake mbele ya mwenye shamba, na mganga afungue. Asiye na wizi anakula na kushiba.

Mimi nilikula nazi zile maisha yangu yote. Mama pia.

Na Kalama, aliyekuwa mlinzi pale miaka mingi, alikuwa anaogopa kipande cha mhogo.

"Umeona?" mama akaninong'oneza.

"Nimeona."

Akakifunga kibakuli, akanipitishia chini ya waya. Uso wake ulikuwa umebadilika kabisa. "Basi neno lile nililokwambia, lirudishe. Usikiri. Wallahi usikiri." Mama yangu si Mwislamu, lakini miaka mingi ya kukaa na Bi Mwanatabu imemfunza kuapa. "Nakwenda kukaa mlangoni kwangu. Waje wanibomolee juu ya kichwa."

Akaenda. Nami nikala mhogo ule wote, mbele ya Kalama, nikilamba vidole.

Adhuhuri wakatuletea maharagwe yaliyopikwa kwa tui la nazi tulizozifua wenyewe. Askari wakapakua kwanza, kama kawaida yao. Kalama akakaa peke yake kwenye kivuli cha ghala na mkate wake.

Tulipokuwa tukila nikaanza kupiga sahani kwa kijiko. Watu wakaitikia kwa miguu, kwa minyororo. Kisha nikaimba, kwa sauti ambayo hata watu wa feri wangeisikia:

*Nazi yake Mwanatabu, mwenye haki hutafuna,*
*Haimpi masaibu, wala kuvimba hakuna,*
*Mlinzi tupe jawabu, mbona meno umebana?*
*Kula nasi taratibu, njaa ya nini mchana?*

Niliurudia. Mara ya pili wafungwa wakanipokea mstari wa mwisho, na hata askari mmoja akautikisa mguu. Njaa ya nini mchana. Njaa ya nini mchana.

Kalama akaja. Kitako cha bunduki kilinipata begani, kisha mdomoni. Nikatema damu kwenye sahani, nikaendelea kuimba.

"Nini hii?" Bwana Kinsela alikuwa amefika.

"Bwana," nikasema, "mwizi wa zile nazi ni huyu askari wako. Na ushahidi ninao."

"Wapi?"

"Kwenye sahani. Mwambie ale."

Nikamweleza habari ya kirapo. Alinisikiliza na kiko chake mdomoni. Nikaona hakiamini hata kidogo, lakini nikaona pia kwamba macho yake yametoka kwangu na kwenda kwa Kalama, na hayarudi.

"Kalama. Kwa nini hapana kula?"

"Nimefunga, bwana."

"Umefunga nini?" Bakari akadakia. "Wewe Mkristo, na juzi ulikuwa unanuka tembo la mnazi."

"Jino linaniuma, bwana."

"Mkate mukavu nakula, maharagwe hapana? Jino gani hii?" Bwana Kinsela akachukua sahani ya Bakari, akamnyoshea. "Kula. Hii amri."

Hapakuwa na mtu aliyetikisa mnyororo. Kalama alikuwa akitoka jasho mpaka chini ya kofia. Mahakamani aliishika Biblia bila kutetemeka. Sasa kijiko kilikuwa kinagonga ukingo wa sahani.

Nikajua nimeshinda. Sasa hivi atatupa sahani chini na kusema.

Akala.

Alifumba macho, akatia kijiko kinywani, akameza. Akatia cha pili. Akaikomba sahani yote, akaigeuza tuione tupu, akamrudishia Bwana Kinsela.

"Nimekula, bwana."

"Basi," akasema Bwana Kinsela. "Amekula. Hapana kufa. Maneno kwisha." Akanigeukia, na kwenye uso wake niliona kitu kibaya kuliko hasira. Niliona amechoka nami. "Wewe muongo kama wengine."

Bakari hakunitania hata kidogo. Hapo nikajua hali ni mbaya.

Tulirudi kwenye vifuo. Nilifua nazi za Bi Mwanatabu alasiri nzima, mdomo umevimba. Nilifanya hesabu moja tu kichwani: minazi ya upande wa mtoni, ya kisimani, na ule wa mpakani. Baada ya hapo nyumba ya mama.

Kisha tukasikia mtu akitapika nyuma ya ghala.

Nilimvuta Bakari tukaenda, maana alikuwa hana la kufanya ila kunifuata. Kalama alikuwa amelala ubavu kwenye makumbi, amekunja magoti. Kofia imeanguka. Tumbo lilikuwa limekaza kama ngoma. Kama ni kirapo, kama ni hofu yake, mimi si daktari. Nililoliona nimelisema.

"Fondo," akasema. "Ndugu yangu."

"Leo tumekuwa ndugu?"

"Nakufa."

"Naona."

"Ni mimi. Nilikuwa nikiziiba, nawauzia watu wa Changamwe, wale wa kwenye matangi ya mafuta. Sikuonja hata moja. Naapa sikuonja hata moja. Siku ile nilisikia Bi Mwanatabu anakuja shambani, nikazificha."

"Kwa nini nyumbani kwetu? Mama yangu alikukosea nini?"

Akanitazama kama hajaelewa swali.

"Nyumba yenu ilikuwa karibu," akasema.

Msomaji, katika ghala lile nilikuwa nimejitungia sababu zote. Kwamba ananionea wivu kwa mashairi yangu. Kwamba alimtaka msichana niliyemtaka. Kumbe hakuna. Nilivuliwa jina, nikatiwa mnyororo, nikakaribia kuvushwa bahari, kwa sababu nyumba yetu ilikuwa karibu.

Nilitaka kumkanyaga. Mguu ulikwisha kuinuka, wa Bakari ukainuka nao.

"Mwache," Bakari akasema. "Akifa huyu, wewe ni mwizi mpaka kiama."

Ilikuwa kweli. Bakari alikuwa amesikia yote, lakini nani angepokea neno la mwizi wa sabuni? Na kirapo kinafunguliwa Kisauni tu, mbele ya Bi Mwanatabu, kwa kinywa cha mwenyewe. Yule mtu aliyenimaliza alikuwa amebeba tumboni kila kitu changu: jina langu, nyumba ya mama, kaburi la baba.

"Utasema mbele ya bwana?" nikamuuliza.

"Nitasema. Nipelekeni tu."

Wakati huo huo honi ya meli ikalia upande wa Kilindini. Ndefu, mara mbili.

Bwana Kinsela akatokea mbio kutoka gatini, akipiga filimbi. "Meli tayari! Wote panga mustari!"

"Bwana!" nikaita. "Njoo usikie. Kalama anakiri."

Akaja. Alimwona askari wake chini, akapiga goti, akamgusa paji la uso. "Nini, Kalama? Sema."

Kalama akafungua kinywa. Homa ilikuwa imempanda na Kiswahili kimemtoka. Alisema yote, tangu mwanzo mpaka mwisho, kwa Kigiriama. Alimtaja Bi Mwanatabu. Alinitaja mimi. Machozi yalimtoka. Kisha kichwa kikaanguka upande.

"Nasema nini?" Bwana Kinsela akauliza.

Nikatazama huku na huku. Wafungwa wa bara. Wadigo wengine walikuwa mbali kwenye mstari, na Bakari, hata akiokota maneno mawili matatu, alikuwa mwizi wa sabuni. Mwenye kuielewa lugha ile vizuri pale, mbali na Kalama, alikuwa mmoja.

"Anasema ni yeye aliyeiba, bwana. Anasema mimi sina kosa."

Bwana Kinsela akainuka polepole. "Wewe nafasiri kesi yako mwenyewe?"

Nikamwinulia Kalama kichwa, kikaanguka tena.

"Askari nabaki hapa," akasema. "Daktari nakuja kesho. Wewe melini."

Kesho Kalama angekuwa maiti, au angekuwa amepona na kukana. Nami ningekuwa baharini.

Basi nikainama. Nikaushika mkono wa Kalama, nikauzungusha shingoni mwangu, nikamwinua mgongoni kama gunia la mbata. Alikuwa mzito, na akitoa harufu. Nikaanza kutembea kuelekea feri.

"Wallahi," akasema Bakari, akichechemea kando yangu kwa mnyororo, "hii ndoa itaniua." Lakini alitembea.

Nyuma yangu nikasikia bastola ikitolewa kwenye mfuko wake wa ngozi.

"Weka chini yeye."

"Siweki."

"Mimi napiga risasi."

Nikageuka, na Kalama mgongoni akageuka nami. "Piga, bwana. Lakini kwanza nijibu. Yule baba wa babu yako, siku waliyompeleka melini, kuna mtu hata mmoja aliyesimamisha meli ili amsikilize?"

Bastola haikushuka, wala haikupiga. Honi ya meli ikalia tena, na wafungwa wote kwenye mstari walikuwa wametugeukia sisi.

Nilisikia Kalama akihema sikioni mwangu, pumzi fupi fupi, kama mtu anayepanda mnazi mrefu. Nikapaza sauti ili asikie yeye, asikie Bakari, asikie na yule mwenye bastola:

"Kalama, hufi. Sikupi ruhusa. Nitakubeba hivi hivi mpaka mlangoni kwa Bi Mwanatabu, nikusimamishe kwa mikono yangu, umwambie ulichofanya na mama yangu akisikia. Hilo nakuahidi. Ukishamaliza kusema, ndipo ufe ukitaka."